Mlango wa Barafu

Ndani, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Nje, jua la Septemba limeikalia Igogo
kama sufuria iliyosahauliwa motoni.
Katikati, mlango mmoja mzito
na pazia la plastiki linalolamba bega la mpitaji.
Miaka kumi na moja ulipita hapo, Lubango,
na kreti za minofu ya sangara begani,
kiangazi na kipupwe katika hatua tatu.

Jioni ukija unanichekesha:
"Leo nimekwenda Ulaya mara themanini
na hakuna aliyenigongea muhuri."
Nilicheka.
Kicheko kile sasa kinanikwama kama mwiba wa sato.

Siku yenyewe kreti ilianguka.
Mdomo ulivutwa kushoto,
kana kwamba bega lako lilikuwa na siri ya kukunong'oneza.
Mkono wa kulia ukaning'inia, si wako tena.
Wenzako walidhani gongo.
Wakakulaza kivulini, wakakupepea na boksi,
wakasubiri ulevi uishe.
Saa tatu, Lubango.
Saa tatu za kukupepea na boksi!

Jirani alisema umetupiwa kitu.
Shemeji Mabirika akataka kuku mweupe.
Sikatai, kuku nilimtafuta, nikampata;
mchuzi wake uliunywa kwa kijiko, nusu ukimwagika.

Muuguzi wa Bugando, Mkerewe mwenye macho ya kukesha,
alinichorea nyuma ya pakiti ya dawa.
"Mshipa ukipigwa na baridi hujikunja,
kama konokono akiguswa pembe.
Damu ni ileile, njia imebana, moyo unasukuma kwa nguvu.
Ukitoka juani unavuja jasho, maji hunywi,
damu inakuwa uji uliolala."
Akainua kalamu. "Presha anayo tangu lini?"
Nikasema hana.
"Anayo," akasema, bila kunilaumu.
"Baridi peke yake isingemwangusha, wala jua peke yake.
Alikuwa ukingoni siku nyingi.
Hivyo viwili vilimsukuma tu."

Usiku ule nilimkumbuka mama yako,
mpasua kokoto wa Mkolani.
Alikuwa akikoka moto wa matairi juu ya jabali,
moshi mweusi, wanawe mkikohoa,
hadi jiwe liive;
kisha ndoo ya maji ya ziwa, kwa mara moja —
paa!
Jabali lililoshinda nyundo wiki nzima
linafunguka kama kiazi.
Wewe ulikuwa mbeba ndoo.
Tangu utotoni ulijua jiwe linavyopasuliwa.
Nani angetuambia kwamba na mtu
anaweza kupikwa na kumwagiwa maji
mara themanini kwa siku, kwa mshahara?

Wiki iliyopita nilikwenda getini.
Aliyechukua nafasi yako ni kijana, Seleka,
shingo kama ya mbuni, fulana moja mwili mzima.
Nikampa sweta lako na chupa ya maji.
Nikamwambia: kabla hujavuka, simama kidogo mlangoni,
mwili upate habari ya unakokwenda.
Kapime presha, hata kama unajiona simba.
Na ukimwona mwenzio mdomo umekwenda upande,
ulimi mzito, mkono hauinuki,
usimpepee.
Kimbia naye.
Akaitikia "sawa mama", akitazama saa.
Sijui kama alisikia. Msimamizi alikuwa anapiga filimbi.

Jiwe la nyuma ya nyumba yetu, Mabatini,
bado lina joto saa nne za usiku.
Nimekuegemeza hapo, blanketi magotini,
kwa sababu upepo wa ziwa umeanza.

"Ula," ukasema.
Neno la kwanza tangu Septemba.
Nikakimbilia kijiko.
Ukatikisa kichwa, ukakunja uso, ukasukuma:
"Ula... ya."

Nusu ya uso wako ikacheka.
Nusu ya pili naingoja,
sina haraka nayo.